Suala Lako Linafanyiwa Kazi

Wapo watu ambao neno moja tu huwaharibia asubuhi nzima. Kwa mmoja ni "changamoto". Kwa mwingine ni "mchakato", au "wadau", au "mwisho wa siku". Yuko asiyevumilia kuona "bei njoo inboksi" chini ya picha ya viatu, na yuko anayeacha kusikiliza hotuba pale pale msemaji anapotamka "ningependa kuchukua fursa hii". Kazi yangu ni kuhariri nyaraka za Kiswahili, kwa hiyo malalamiko ya namna hii nayapata kwa wingi. Karibu kila anayelalamika hutanguliza samahani kwamba analoleta ni jambo dogo. Baadhi ya kero hizo ni ndogo kweli, na anayekereka angefanya vyema kuziacha. Nyingine zina msingi mkubwa kuliko mwenyewe anavyodhani, na hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Tuanze na sikio, maana nalo hudanganya. Mwaka 2005 Arnold Zwicky, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alizipa majina hila mbili za akili. Hila ya kwanza ni kuamini kwamba neno ulilolitambua juzi limezuka juzi, ingawa huenda limetumika tangu enzi za babu yako. Ya pili ni kulisikia neno kila mahali baada ya kukukera mara moja, hadi ukaapa kwamba watu hawana neno jingine. Anayechukia "changamoto" hahesabu mamia ya sentensi yaliyopita siku hiyo bila neno hilo. Anahesabu zile tatu zilizomchoma. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulaumu vijana kwamba wameleta msemo fulani, ni vizuri kufungua magazeti ya miaka ya nyuma kwanza.

Upo pia uchovu wa sikio wenyewe. Tamka "bakuli" mfululizo kwa nusu dakika na utaona neno linageuka sauti tupu isiyohusiana na chombo chochote cha jikoni. Leon Jakobovits aliichunguza hali hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada. Lakini uchovu huo hupita haraka. Ukinyamaza kidogo, bakuli hurudi kuwa bakuli. Ule unaoletwa na misemo ya ofisini hauponi kwa kupumzika. Unaweza kukaa likizo mwezi mzima, ukarudi, ukaambiwa "suala lako linafanyiwa kazi", na moyo ukashuka vilevile. Basi kilichokuchosha si kurudiwa kwa maneno. Ni kwamba kila mara uliposikia maneno hayo, hakuna kilichofuata.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kosa la msemo ni kutumika mara nyingi. Ingekuwa hivyo, shikamoo na marahaba zingekuwa zimetuchosha karne nyingi zilizopita. Mtu mwenye mgonjwa kitandani akiulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza "nzuri", kisha ndipo anaongeza, "ila mtoto ameshikwa na homa." Hajasema uongo. Ile "nzuri" ilikuwa inapokea salamu. Habari yenyewe imekuja baadaye, kwa mpangilio ambao kila mzungumzaji anaujua. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, alieleza mwaka 1923 kwamba kuna mazungumzo ambayo kazi yake si kupasha habari. Kazi yake ni kuwaunganisha waliopo. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa mazungumzo hayo, na sioni sababu ya kuuonea haya.

Kwa hiyo siungani na wanaolalamika kwamba kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, msiba ukitokea, watu arobaini huandika maneno yale yale: poleni sana, yeye mbele sisi nyuma, Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Mfiwa hatafuti ubunifu siku hiyo. Anatazama majina. Anataka kuona shangazi wa Tanga ameandika, na mjomba aliyeko Muscat ameandika, na jirani wa zamani ambaye hawajaonana siku nyingi naye ameandika. Maneno ya kila mtu yanafaa hasa kwa sababu ni ya kila mtu. Hayamlazimishi aliyeishiwa nguvu kufikiri. Vivyo hivyo "imepokelewa" kwenye kundi la kazini: ni neno moja, limeeleza kwamba ujumbe umefika, limekwisha kazi. Hata "itifaki imezingatiwa" naitetea, mradi isemwe badala ya kutaja waheshimiwa ishirini, wala si baada ya kuwataja.

Misemo ya siasa nayo hutufundisha jambo kuhusu marudio. Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 ilijaa kaulimbiu: Uhuru na Kazi, Siasa ni Kilimo baada ya Azimio la Iringa la mwaka 1972, na mwaka uliofuata, Mtu ni Afya. Hiyo ya mwisho ilikuwa kampeni ya redio. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasomeana kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini: kuchimba choo, kuchemsha maji ya kunywa, kufyeka majani yanayofuga mbu karibu na nyumba. Maneno matatu yalirudiwa mno, lakini yalikuwa na shimo la choo nyuma yake. Mtu aliyeyasikia aliweza kutoka nje na kuona kama yametekelezwa au la.

Hicho ndicho kipimo ninachotumia. Msemo ukirudiwa na ukaacha kitu unachoweza kwenda kukitazama, haunisumbui. Unaonisumbua ni ule uliotengenezwa ili pasiwe na cha kutazama.

Lugha yetu ina vifaa vya kutosha kwa kazi hiyo, na inafaa kuvieleza kwa makini kwa sababu vimo ndani ya sarufi. Sema "mkataba umevunjwa". Hiyo ni kauli ya kutendwa: mvunjaji hakutajwa, lakini nafasi yake ipo wazi, na msikilizaji akiuliza "na nani?" sentensi inapokea jibu bila shida. Sasa sema "mkataba umevunjika". Hiyo ni kauli ya kutendeka. Hapa huwezi kuongeza "na mkandarasi", sarufi inakataa. Mvunjaji hakufichwa nyuma ya pazia, ameondolewa jengoni. Ni mkataba wenyewe uliopatwa na kuvunjika.

Nyumbani kauli hii ni ya adabu na upole. Mtoto husema kikombe kimevunjika, mgeni husema chai imemwagika, na mwenyeji hujibu haidhuru. Tatizo huanza pale sarufi ya kikombe inapohamishiwa kwenye fedha za umma na haki za watu. Malipo yamechelewa, yangecheleweshwa, tungeuliza aliyeyachelewesha. Ujenzi haujakamilika. Barabara itajengwa fedha zitakapopatikana. Yeyote aliyefuatilia majibu ya maswali bungeni Dodoma anaijua sentensi hiyo ya mwisho. Kitenzi chake hakina mtafutaji. Fedha zitapatikana, kama mvua itakavyonyesha.

Kipo kifaa kingine, ambacho kwa maoni yangu ni kibaya zaidi: kile kiambishi kidogo -ji-. "Kumejitokeza changamoto." "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Angalia kilichofanyika hapo. Katika sentensi ya kutendeka hapakuwa na mtendaji. Hapa mtendaji yupo, naye ni usumbufu. Usumbufu umeamka, umejitoa wenyewe mahali ulipokuwa, ukamwendea mteja. Aliyekata huduma bila kutoa taarifa haonekani popote, na bado radhi imeombwa. Kampuni na idara nyingi hutuma sentensi hiyo kwa maelfu ya watu kwa mashine, imeandikwa mara moja na haiandikwi tena. Nimewahi kupendekeza kwa taasisi moja iibadilishe iwe: "Tulizima mtandao saa nne bila kukujulisha, tunaomba radhi." Walikubali kwamba ni Kiswahili bora zaidi. Hawakuitumia.

Sasa nirudi kwenye "changamoto", neno linaloletewa lawama kuliko yote. Maana yake ni nzuri: jambo gumu linalomtaka mtu apambane nalo. Mwanafunzi anayeingia kidato cha tano na kukutana na hisabati ya juu ana changamoto. Lakini siku hizi shule isiyo na madawati ina changamoto ya madawati, zahanati iliyoishiwa dawa ina changamoto ya dawa, na ofisi ambayo mhasibu wake amekula fedha ina changamoto katika usimamizi wa fedha. Upungufu, uzembe, ajali, ugonjwa na wizi vimevalishwa kanzu moja. Msikilizaji hawezi kujua kama anapaswa kumwita fundi seremala au askari. Hapo ndipo kero inapoacha kuwa ya sikio, kwa sababu kila mojawapo ya mambo hayo lina mtu tofauti anayewajibika na dawa tofauti. Kiswahili tayari kina majina yake yote: tatizo, upungufu, kasoro, hitilafu, uzembe, wizi. Sifuti "changamoto" kila ninapoikuta. Nafuta pale ninapoona kuna jina la kweli lililosukumwa pembeni.

"Mchakato" una kesi nyepesi zaidi. Mchakato halisi una hatua, na anayeuendesha anaweza kukuambia umefika ya ngapi. "Upembuzi yakinifu" nao ni kazi ya kweli kabisa: wahandisi hupima ardhi, huchunguza udongo, huhesabu magari au mahitaji ya maji, hukadiria gharama, na mwisho hutoa ripoti. Anayeutaja hatudanganyi. Ila tukiishia hapo tumejinyima maswali matatu rahisi: nani anaufanya, mkataba ulisainiwa lini, ripoti inatakiwa lini? Mtu mwenye majibu atayatoa kwa pumzi moja. Asiye nayo atarudi kwenye "hivi karibuni", msemo ambao kwa bahati mbaya lugha yetu inauruhusu kutazama pande zote mbili: hivi karibuni tulizindua, hivi karibuni tutazindua. Hauna wiki wala mwaka ndani yake.

Na "wadau mbalimbali"? Na "ni jukumu letu sote"? Hizi huitisha kila mtu ili asiitwe mtu. Ukikuta taarifa inayosema taasisi itashirikiana na wadau, tafuta orodha yao kwenye ukurasa unaofuata. Ikiwepo, sawa.

Misemo mingine nitaipita upesi, kwa kuwa ni uzito usio na madhara. "Siku ya leo" ni leo. "Majira ya saa mbili" ni saa mbili. "Tumeweza kufika" mara nyingi ni tumefika, isipokuwa pale ambapo daraja lilikuwa limesombwa. "Mwisho wa siku" ilitafsiriwa kutoka Kiingereza na imeingia hadi kwenye vijiwe, "hatimaye" ingetosha. Mhariri huyakata haya bila hasira na kuendelea na kazi.

Mitandaoni mambo yana kasi ya pekee. Zamani msemo ulihitaji mtu aukumbuke ndipo auseme. Sasa haukumbukwi, unabonyezwa; unasafiri mzima bila kupita kichwani mwa msafirishaji. WhatsApp yenyewe ililazimika kuweka breki: mwaka 2018 ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, mwaka 2019 ikazuia ujumbe kutumwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020, uvumi kuhusu korona ulipopamba moto, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa mmoja tu kwa wakati. Breki hiyo ilipunguza mwendo. Haikugusa msemo mbaya kuliko yote unaosindikiza jumbe hizo: "nimetuma kama nilivyopokea." Mtumaji anataka jambo lifike, na papo hapo anataka asiulizwe habari zake. Kama dawa ya mitishamba anayoinadi itamdhuru mtu, yeye alipokea tu. Nausema waziwazi kwa wasomaji wangu: aliyetuma amesema. Hakuna Kiswahili kinachoweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Kuhusu "bei njoo inboksi", wauzaji wana sababu zao. Wanataka mazungumzo yaanze, wanawakwepa washindani, na pengine wanataka kumpima mnunuzi kabla ya kutaja kiasi. Sababu hiyo ya tatu ndiyo inayomkera mnunuzi, na ana haki ya kukereka, kwa kuwa bei inayotajwa faraghani inaweza kubadilika kulingana na picha yako ya wasifu. Sokoni Kariakoo au Gikomba unaweza kusimama kando ukasikia mwenzako ametajiwa ngapi. Inboksi hakuna kando ya kusimama.

Lazima nizungumzie pia wanaotamka misemo hii, kwa sababu nimeona wengi wakionewa. Binti aliyeko kaunta, anayekuambia suala lako linafanyiwa kazi, aghalabu hakuitunga sentensi hiyo wala hana uwezo wa kukupa nyingine. Faili liko kwa afisa, afisa anasubiri saini ya mkuu wa idara, mkuu wa idara yuko safarini. Akikuambia "rudi Jumanne" na Jumanne saini ikakosekana, atakayekaripiwa ni yeye, na wewe na mkuu wake mtakuwa upande mmoja. Msemo usio na tarehe ni ngao yake. Kumfokea hakutampa tarehe. Anayepaswa kuulizwa ni mkuu aliyejenga ofisi ambayo mtumishi wa chini anaadhibiwa kwa kusema jambo mahususi na hasumbuliwi kwa kusema jambo tupu. Wakuu wa idara wanaosoma makala hii wanaweza kubadilisha hilo ndani ya wiki moja, bila bajeti yoyote, kwa kuwaruhusu watu wao kutaja siku na kuwatetea siku ikisogea.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali. Chuo Kikuu cha Lake Superior State, katika jimbo la Michigan, Marekani, hutoa kila mwaka orodha ya maneno yanayostahili kufukuzwa; kimefanya hivyo tangu mwaka 1976, na maneno mengi yaliyofukuzwa yangali yanaishi. Ujerumani ina utaratibu ninaouheshimu zaidi. Tangu mwaka 1991 jopo huteua neno baya la mwaka, na kigezo hakiishii kwenye kukera masikio. Hutazama neno linalodhalilisha watu au linalofunika ukweli. Uingereza ilimpata Chrissie Maher wa Liverpool, mwanamke ambaye hadi ujana wake hakujua kusoma. Mwaka 1979 alichanachana mamia ya fomu za serikali hadharani mbele ya Bunge jijini London, akaanzisha harakati ya kudai lugha nyepesi katika nyaraka za umma. Marekani nayo ilitunga sheria ya uandishi mwepesi serikalini mwaka 2010.

Kwetu Tanzania BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu mwaka 1967, na kila mara kuna anayependekeza ipige marufuku neno fulani. Mimi sipendekezi. Ukiifuta "changamoto" leo, kufikia mwaka kesho kutwa neno jingine litakuwa limekalishwa kwenye kiti kile kile, kwa sababu kiti hakijaondolewa. Kinachohitajika ni wananchi waliozoea kuuliza, na hilo limekuwa la dharura zaidi kuliko zamani. Kenya ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi katika Katiba ya mwaka 2010. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Lugha iliyopewa dhamana ya kuandika hukumu na haki za watu haiwezi kuridhika na sentensi ambazo hakuna anayewajibika ndani yake.

Na sheria zenyewe, kwa jambo hili, zimesema wazi kuliko maofisa wake. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ukiomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma Kenya, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama inahusu uhai au uhuru wa mtu. Tanzania wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Hakuna sheria kati ya hizo mbili iliyoandika "hivi karibuni". Kwa hiyo ukiambiwa suala lako linafanyiwa kazi, shukuru kwa upole, uliza jina la anayelifanyia kazi na siku ya kurudi, uviandike vyote viwili kabla hujatoka mlangoni. Ukinyimwa, andika barua, uweke tarehe juu yake, ubaki na nakala.